Trekta ya mvuke (modeli): kwa hewa inapiga sawasawa, kwa mvuke inachechemea

chuma_moto

Wakuu salama? Huu uzi utakuwa mrefu kidogo mniwie radhi, nimeshachoka kichwa na mikono.

Nina modeli ya trekta ya mvuke, skeli ya inchi 2 kwa futi, yani moja ya sita ya trekta yenyewe. Silinda moja, stroki milimita 50, valvu ya kuteleza (inayofungua na kufunga matundu ya mvuke), ekisentriki mbili (visahani visivyo na kitovu katikati, vinavyoisukuma valvu) na linki ya Stephenson (ya kugeuza mwendo mbele au nyuma), mambo ya kawaida tu. Majuzi niliifungua yote nikaisafisha, nikasugua uso wa valvu juu ya kioo mpaka ukawa flati, nikarudisha, halafu nikaset taimingi siku nzima bila haraka. Kifuniko cha kijumba cha valvu kikiwa wazi nikapeleka kranki dedisenta ya mbele, pale pistoni inapofika mwisho na kutaka kurudi, nikapima kwa fila (kibati chembamba cha kupimia nafasi) tundu la mvuke limefunguka kiasi gani. Milimita 0.2. Nikapeleka ya nyuma, 0.2. Nikashangilia peke yangu.

Nikaiunga na kompresa, hewa bar 1 tu, ikazunguka polepole inapiga pu, pu, pu, pu kama saa ya ukutani.

Sasa juzi nikawasha moto. Presha ikapanda mpaka bar 7, nikafungua regyuleta (valvu ya kupeleka mvuke kwenye silinda), aisee. PU-pu, PU-pu, PU-pu, kama mtu aliyevaa kiatu mguu mmoja. Nikadhani ni maji kwenye silinda nikaacha koki wazi ikatema yote, bado. Nikazima. Kesho yake ikiwa baridi nikafungua kijumba nikapima tena: 0.2 na 0.2. Nikaunga hewa: pu, pu, pu, pu.

Ikiwa baridi malaika, ikipata moto inachechemea. Nimekosea wapi?

nati_legevu

Ekisentriki imeteleza kwenye shafti mkuu, hamna kingine. Zile skrubu ndogo za kukazia hazijawahi kuwa na adabu. Kaza halafu uje ushukuru.

chuma_moto

Nilikwaruza alama ya sindano kwenye shafti na kwenye ekisentriki zote mbili kabla sijawasha, alama bado zinaangaliana. Na kama zimeteleza kwenye moto mbona zikipoa zinarudi zenyewe?

nati_legevu

Hapo umenishinda. Au nati inayoshika valvu umeikaza sana? Maana mimi hiyo iliwahi kunitoa jasho, niliikaza mpaka mwisho nikijua plei yoyote ni adui, kumbe valvu inatakiwa iwe huru kuinuka na kushuka kidogo ili mvuke wenyewe uikandamize usoni. Yangu ilikuwa imening'inia hewani, mvuke unapita chini yake unakwenda moja kwa moja kwenye dohani, shhhhhh bila kukoma, nikanunua mpaka ringi za pistoni mpya na hazikuwa na kosa lolote.

chuma_moto

Hapana hakuna shhhh. Na nikiigusa valvu kwa kidole inacheza juu chini, mbele nyuma haichezi. Iko sawa.

spana17

Mkuu chuma_moto umejieleza vizuri kwahiyo sitaki kukufundisha unachokijua, ila kuna wanaosoma hapa kimyakimya, acha niweke msingi halafu turudi kwako.

Kwenye hii mitambo kuna vitu viwili tu unavyoweza kugusa, mahali valvu ilipokaa kwenye spindo (fimbo inayoisukuma valvu) na pembe ya ekisentriki kwenye shafti. Watu wanavichanganya ndo maana wanakesha. Ukisogeza valvu kwenye spindo, unachoongeza mbele unakipunguza nyuma kiasi kilekile. Ukizungusha ekisentriki, mbele na nyuma vinaongezeka pamoja au vinapungua pamoja. Sasa ukipima ukapata 0.5 mbele na 0.1 nyuma, ekisentriki usiiguse kabisa. Tofauti ni 0.4, nusu yake 0.2, sogeza valvu 0.2 utapata 0.3 kote. Hapo ndo uzungushe ekisentriki ushushe zote mpaka 0.2. Ukianza na ekisentriki utakuwa unafukuza mkia wako mwenyewe.

Pembe yenyewe inapatikana kwa hesabu. chuma_moto lapu yako ni ngapi? Yani valvu ikiwa katikati kabisa, ukingo wake umeivuka tundu kwa kiasi gani?

chuma_moto

Lapu 1.5. Ekisentriki inaitoa valvu 3.2 kila upande kutoka katikati.

spana17

Safi. Lapu 1.5 jumlisha lidi (ule upenyo wa tundu ulioupima kwenye dedisenta) 0.2 unapata 1.7. Gawa kwa 3.2 ni 0.53, hiyo ni saini (sine ya hesabu) ya digrii 32. Ongeza 90. Kwahiyo ekisentriki yako ya kwenda mbele inatakiwa itangulie kranki kwa digrii 122. Ya kurudi nyuma nayo 122 kwa upande wa pili. Hiyo ni kwa valvu inayosukumwa moja kwa moja bila mkono wa kugeuza katikati, na trekta nyingi ziko hivo.

Swali langu ni dedisenta. Uliipataje? Kama uliangalia kwa macho pistoni imesimama ukasema hapa hapa, basi huna dedisenta, una makisio.

mgeni_wa_mvuke

Samahani naingilia, kwanini hiyo lidi iwepo? Si mvuke ungesubiri pistoni ifike mwisho ndo uingie? Sioni sababu ya kuusukuma kinyume.

spana17

Mgeni, pistoni inakuja na uzito wake wote na konrodi (fimbo inayoiunga na kranki), inatakiwa isimame na kurudi. Ukiweka mvuke kidogo mbele yake kabla haijafika unakuwa mto wa kupokelea, na pia pistoni inapoanza kurudi inakuta tundu limeshaanza kuwa wazi, mvuke haupiti kwa kubanwa. Ukiizidisha ndo unaanza kusikia inagonga. Ila kwa modeli inayotembea polepole hata 0.1 inatosha, watu wanapenda tu kuongeza.

chuma_moto

spana17 nilitumia alama mbili kwenye flaiwili. Niliweka daiali geji (saa ya kupimia) kwenye krosihedi (pale pistoni inapoungana na konrodi), nikazungusha mpaka pistoni ibakize milimita 5 kufika mwisho nikachora alama flaiwili, nikapitiliza mpaka irudi 5 ile ile upande wa pili nikachora nyingine, katikati ya hizo mbili ndo dedisenta. Mbele na nyuma.

spana17

Basi umefanya kama mtu mzima. Nilikuwa nauliza kwasababu kosa la digrii 3 kwenye dedisenta huwezi kuliona kwenye pistoni, pistoni hapo inasogea kama 0.04 tu, lakini valvu kwa digrii hizo hizo 3 inakuwa imetembea 0.14. Hiyo ni zaidi ya nusu ya lidi yako. Pistoni imelala, valvu inakimbia.

Sasa nami nimebaki na wewe. Ngoja tusubiri wakubwa.

mama_boila

Nimesoma yote. Mwanangu chuma_moto nijibu maswali mawili. Silinda yako imefungwa kwenye nini? Na mabeaingi ya kranki yamefungwa kwenye nini?

chuma_moto

Shikamoo mama. Silinda imekaa juu ya boila kwa mbele, karibu na dohani. Kranki imebebwa na zile pleti mbili za pembeni zilizoota kutoka kwenye boksi la moto, nyuma.

mama_boila

Marahaba. Na kati ya silinda na kranki kuna nini?

chuma_moto

Boila.

Ohoo.

mama_boila

Eeh. Trekta ya mvuke haina fremu, boila ndo fremu yake. Garimoshi silinda na kranki zote zimeshikwa na fremu, boila inafungwa upande wa dohani tu na nyuma inaachwa iteleze, ikirefuka na irefuke haiwahusu. Mbinu za kupima kwa fila ikiwa baridi zimetoka huko na huko zinafanya kazi. Kwako wewe boila ikirefuka inaibeba silinda inaipeleka mbele, mbali na kranki, wakati spindo na fimbo za ekisentriki ziko nje zinapigwa upepo, hazirefuki kama boila.

Tufanye hesabu. Mvuke wa bar 7 una joto la nyuzi 170 hivi. Ulianzia 25, tofauti 145. Kutoka kranki mpaka silinda una kama milimita 300?

chuma_moto

305.

mama_boila

Boila ya chuma au ya shaba?

chuma_moto

Chuma.

mama_boila

Chuma kwa kila milimita 300 kikipanda nyuzi 145 kinarefuka nusu milimita na kidogo. Ingekuwa shaba ni 0.74. Toa kama 0.1 kwasababu kipande cha spindo kilicho karibu na silinda nacho kinapata moto. Umebaki na 0.4. Silinda imekwenda mbele 0.4, valvu imebaki ilipo, kwahiyo kwa macho ya silinda valvu imerudi nyuma 0.4. Tundu la mbele sasa linafunguka mapema na la nyuma linachelewa. Ile 0.2 yako na 0.2 ikishapata moto ni 0.6 mbele, na nyuma tundu bado limefunikwa 0.2 pistoni ikiwa imeshafika. Ndo PU-pu yako hiyo.

spana17

Mama umeniua. Miaka yote mimi nachezea garimoshi.

nati_legevu

Kwahiyo sio skrubu.

mama_boila

Sio skrubu.

Lakini msichukue hesabu yangu mkaenda kusogeza valvu 0.4, kila trekta ina tabia yake, nyingine ina kifuniko cha mbao juu ya boila nyingine haina. Pima ikiwa na moto. Kijumba huwezi kufungua kikiwa na mvuke ila koki za kutolea maji zitakusomea.

Ondoa gia kwanza, zuia magurudumu kwa kabari mbele na nyuma. Pandisha presha mpaka ile unayotembelea na uiache dakika ishirini itulie, maana pleti nene zinachelewa kupata moto. Liva ya kugeuzia iwe mbele kabisa. Koki mbili zote wazi. Vaa glavu. Fungua regyuleta kwa kunusisha tu, unataka mvuke wa kuona sio wa kusukuma, halafu shika flaiwili kwenye ukingo, usitie vidole kwenye spoki hata kama unajiamini, zungusha polepole upande wa kwenda mbele. Pale koki ya mbele inapoanza kutoa moshi ndo valvu imefungua tundu la mbele. Weka chaki. Endelea mpaka ya nyuma. Ukipitiliza usirudishe kidogo, zunguka tena raundi nzima uje kwa upande uleule, la sivyo utapima plei ya pini badala ya valvu. Halafu pima kutoka chaki mpaka alama yako ya dedisenta. Flaiwili yako kipenyo gani?

chuma_moto

228. Nimeelewa. Digrii moja ni kama milimita 2 kwenye ukingo. Jumamosi nawasha.

mgeni_wa_mvuke

Swali la kijinga, boila ikirefuka dedisenta yenyewe si itahama pia? Alama alizochora baridi zitakuwa na maana?

mama_boila

Sio la kijinga. Dedisenta ni pale kranki na konrodi zinaponyooka mstari mmoja, hiyo ni habari ya kranki haijali silinda iko mbali kiasi gani. Alama zinabaki. Kinachohama ni pistoni ndani ya silinda, itakuwa karibu zaidi na kifuniko cha nyuma kwa nusu milimita, kwahiyo anayekaba nafasi za vifuniko ajue hilo asije akasikia ngo.

chuma_moto

Nimerudi. Nimeungua kidole kimoja kwa uzembe wangu mwenyewe ila nina namba.

Koki ya mbele ilianza kutoa mvuke milimita 24 KABLA ya alama. Ya nyuma milimita 9 BAADA ya alama. Baada! Yani pistoni imeshageuka ndo mvuke unaingia. Nikasimama pale naangalia chaki kama mtu aliyefumania.

Nikaacha ipoe, nikaanza kurekebisha. Spindo yangu ni thredi ya M3, nimelegeza nati ya kufungia pale kwenye uma (kichwa cha spindo kinachoungwa kwa pini), nikazungusha spindo raundi nzima moja, nusu milimita hiyo. Nikawasha tena, presha, dakika ishirini, chaki. 24 kabla, 9 baada. Ile ile! Nikazima nikazungusha raundi mbili zaidi. Ile ile! Jamani.

spana17

Hahahaha samahani mkuu sicheki wewe, nacheka kwasababu nilishafanya. Spindo ina thredi ya kulia kwenye uma na thredi ya kulia kwenye nati ya valvu. Nati ya valvu haizunguki, imebanwa kwenye mfereji wake. Ukizungusha spindo inaingia kwenye uma kwa 0.5, na wakati huohuo inatoka kwenye nati ya valvu kwa 0.5. Umbali kati ya uma na valvu haujabadilika hata unywele. Unaweza kuzungusha mpaka spindo idondoke.

chuma_moto

Nimeweka simu chini nimecheka peke yangu. Saa nne za moto hizo, makaa nusu mfuko.

spana17

Rudisha spindo raundi zako tatu kwanza. Halafu chomoa pini ya uma, shika spindo kwa koleo lenye kitambaa isizunguke, zungusha UMA wenyewe nusu raundi, rudisha pini. Kila nusu raundi ni 0.25. Chini ya hapo huwezi maana pini haitaingia.

chuma_moto

Haya. Nusu raundi moja, valvu imekwenda mbele 0.25: mbele 14 kabla, nyuma 2 kabla. Kwa mara ya kwanza ya nyuma imefika kabla ya alama. Mlio umekuwa bora sana ila bado kuna kaPU-pu ka mbali.

Nusu raundi ya pili, jumla 0.5: mbele 4 kabla, nyuma 12 kabla.

Sasa hapa ndo sielewi. Kwa namba, ya pili imepitiliza, ya mbele sasa ndo ndogo. Lakini kwa sikio ya pili ndo inapiga sawasawa kabisa, pu pu pu pu, nimekaa kwenye ndoo dakika kumi nasikiliza tu. Niache wapi?

spana17

Rudi kwenye ya kwanza au tafuta namna ya kupata katikati. Lidi zilingane, hiyo ndo sheria.

mama_boila

spana17 hapo tunatofautiana. Lidi ni kitu cha nukta moja, trekta inavuta kwa stroki nzima. Konrodi haijanyooka wakati wote, ndo maana pistoni ikitoka mbele inakuwa imetembea zaidi kuliko ikitoka nyuma kwa digrii zilezile. Kwa vipimo vyake hivyo, lidi zikilingana kabisa mvuke unakatwa pistoni ikiwa imeenda 79 kwa mia ikitoka mbele na 71 ikitoka nyuma, nikichukua konrodi ni mara tano ya nusu stroki. Mbele inakula zaidi kila raundi. Ukiipunguzia ya mbele lidi kidogo unaikata mapema, na ya nyuma unaiongezea, zinakaribiana. Sikio lake limeona hilo kabla ya hesabu.

Mwache pale pale. Nne kabla bado ni lidi, haijachelewa.

spana17

Kwa injini ya kasi nisingekubali. Kwa trekta ya kuvuta polepole, sawa, nakupa hiyo.

mgeni_wa_mvuke

Sasa ikiwa baridi kwenye hewa si itachechemea?

chuma_moto

Inachechemea vibaya sana. Nimejaribu leo asubuhi, na fila kwa mbele haiingii kabisa, tundu limefunikwa 0.3, nyuma 0.7. Mtu akija kuniangalia nikiwa na kompresa atasema sijui kazi. Nimeandika kwa rangi ndani ya kifuniko cha kijumba: MBELE -0.3 NYUMA 0.7 BARIDI, USIGUSE. Maana najijua, mwaka kesho nitafungua nitasahau nitasawazisha.

Ila mama, kurudi nyuma bado inachechemea kidogo. Niguse spindo?

mama_boila

Usithubutu, utaharibu ya mbele. Spindo ni ya wote wawili. Tofauti ya kurudi nyuma iko kwenye urefu wa fimbo ya ekisentriki ya kurudi nyuma peke yake, kama ina bamba la kuweka kati ya fimbo na mkanda wa ekisentriki ongeza au punguza hapo. Kama haina, ishi nayo. Unarudi nyuma mita ngapi kwa siku?

chuma_moto

Mita kumi nikiingiza bandani.

mama_boila

Basi.

nati_legevu

Nimetoka kupima yangu na koki. Mbele 22 kabla, nyuma 6 baada. Miaka minne nakaza skrubu.

Huo uma unafunguka na spana namba ngapi?

spana17

Nati ya M3 ni 5.5. Na ushike spindo.